Bipu Moja ya Soli

Kijiwe chetu kinatazamana na lango la chuo, na mimi ndiye muuza kahawa wa pale, kwa hiyo nikisema siku ile walinikera, nina haki. Benchini anakaa Kinyozi. Anakaa Profesa, ambaye anauza magazeti na hajawahi kukanyaga darasa la chuo. Na anakaa Soli, fundi viatu, ambaye siku ile alikuja na koti la harusi yake. Binti yake alikuwa na zamu ya kuzungumza kwenye warsha mle ndani, habari za jinsi ujumbe unavyofika bila kuharibika. Si warsha ya makubwa, watu ishirini na viti vya plastiki. Lakini ndiyo mara yake ya kwanza kusimama mbele ya wataalamu, na Soli alikuwa roho juu tangu asubuhi.

Walikubaliana hivi: zamu ikifika, binti atabipu mara moja, baba aingie. Ikisogezwa, atabipu mara mbili, baba aendelee kungoja.

Saa nne na nusu simu ikalia, ikakata. Soli akasimama.

— Kaa kwanza, akasema Kinyozi. Umejuaje kama ni moja?

— Si imelia moja.

— Hata mbili zinaanza na moja, mzee.

Soli akakaa. Hapo ndipo nilipoanza kuchemka kuliko birika langu.

Profesa akashauri wangoje dakika tano, huenda bipu ya pili imekwama kwenye mnara. Kinyozi akasema minara ya siku hizi inameza bipu. Basi, akasema Profesa, huenda zilikuwa tatu, zikamezwa mbili. Soli akaanza kutoka jasho, maana tatu hawakukubaliana. Kinyozi akatuliza mambo: pengine kule kunyamaza ndiyo bipu ya pili yenyewe. Hilo likawakuna sana, wakaagiza kahawa nyingine. Niliwaambia lango ni lile pale, hatua hamsini, mtu akachungulie. Profesa akanijibu niwaachie mambo ya kitaalamu.

Mara tukasikia makofi ukumbini. Kinyozi akasema huyo ni mtu mwingine. Soli akawa anafuta kiatu ambacho kilishang'aa zamani.

Binti akatoka langoni na makaratasi yake kwapani, akaja moja kwa moja hadi benchini.

— Baba, nilikubipu. Ulikuwa unangoja nini?

Profesa akafungua gazeti. Kinyozi akainama kutafuta kitu chini ya benchi. Mwishowe Soli akajikaza.

— Nilikuwa nangoja ya pili, mwanangu.

Nilidhani binti atalia. Kumbe akacheka, akajitupa benchini. Akasema kosa ni lake, na ndilo alilokuwa akiwaeleza wale watu nusu saa nzima: usichague alama ambayo ni mwanzo wa alama nyingine, utamwacha anayepokea hajui aende au angoje. Amewafundisha wataalamu ishirini, kumbe yeye mwenyewe amempa baba yake alama mbovu.

— Nilikuwekea kiti cha mbele, akasema, sasa hacheki tena. Kilibaki kitupu.

Soli akavua koti, akalitandika vizuri magotini. Kisha akampa binti chaki yake ya kuchorea ngozi.

— Anza upya, mama. Sasa hivi niko mbele.

Binti akageuza kipande cha ngozi, akaanza kuchora yale aliyowaeleza kule ndani. Kahawa ilikuwa imekwisha birikani kitambo, na hakuna aliyeiulizia.