Siku Tuliyokataa Maziwa Kwenye Chantier

Ndugu zangu, wapapa na wamama wa mutuelle yetu, chama chetu cha kusaidiana, nimesimama mikono mitupu kwa sababu sikuja kusoma, nimekuja kusema. Mwenyekiti ameniomba niwe mfupi. Nitajaribu, lakini mke wangu ameketi pale nyuma na tayari anatikisa kichwa. Ananijua.

Jina la mtu sitataja. Wengine wamekufa, wengine wana watoto humu ndani, na yule niliyegombana naye sana tunakaa avenue moja mpaka leo. Tunasalimiana. Bon, nianze.

Baba yangu alikuwa seremala, Mwislamu wa familia hizi za zamani za hapa Kisangani, na alitaka nishike randa kama yeye. Mimi nikapenda masuwa, yaani meli. Miaka michache kabla ya uhuru nikachukuliwa kwenye chantier, pale ukingoni wanapovuta meli za mto na kuzipandisha nchi kavu ili zitengenezwe. Kazi yangu ilikuwa kukwangua. Meli ikipanda, tumbo lake limejaa kutu na rangi kuukuu. Unasimama juu ya ubao, unakwangua kwa chuma mpaka bati ling'ae, halafu unapaka minium. Minium ni ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, wote mmeiona. Hakuna aliyetuambia kwamba ndani yake kuna plomb, madini ya risasi, na kwamba plomb ni sumu. Tulitoka kazini jioni nyusi nyekundu, masikio mekundu, watu wa mtaa wa Makiso wakitucheka njiani, na sisi tukicheka nao.

Sasa sikilizeni desturi yetu. Kila asubuhi kapita, yaani msimamizi wetu, alituletea pipa la maziwa ya unga yaliyokorogwa. Waseremala hawakupewa, makanika hawakupewa, ni sisi watu wa rangi peke yetu. Tulijiona wakubwa kweli! Tuliambiwa maziwa yanaosha sumu yoyote kifuani, na tukaamini. Tuliyanywa pale pale chini ya meli, vumbi likielea juu ya kikombe, tukichovya mkate kwa vidole vyekundu. Mtu akisema tumbo linamkata, kapita alimuuliza:

"Maziwa ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Sasa unalia nini?"

Nawaambieni, lile pipa lilitufunga midomo kuliko kufuli.

Uhuru ukaja. Tulicheza barabarani mpaka viatu vikaisha. Tulidhani vumbi nalo litapanda ndege pamoja na wazungu. Wapi! Mzungu aliondoka, mmoja wetu akapandishwa kuwa kapita, na kesho yake pipa likaletwa vilevile. Nilifurahi kumwona mtu mweusi pale juu, sitaficha. Nilichukua muda kuelewa kwamba vumbi halijui rangi ya kapita.

Mwili wangu ulianza kunisaliti taratibu. Mdomoni nilikuwa na ladha ya chuma, hata sukari ilikuwa chuma. Tumbo lilinikaza, nikakaa siku nyingi bila kwenda chooni. Wamama, mnisamehe, ushuhuda ni ushuhuda. Kichwa kiligonga. Kisha mkono wa kuume ukaanza kudondosha vitu. Nilikuwa naamuru vidole vifunge, havifungi. Baadaye mikono yote miwili ikalegea kwenye kifundo, ikaning'inia. Nainua mkono, kiganja kinabaki chini.

Nilikuwa baba wa nyumba, na mke wangu alinilisha lituma, ndizi za kuponda, mdomoni. Shemeji zangu wa mjini wakasema nimelogwa. Majirani wakasema ni pombe, mimi ambaye siinywi. Kapita akasema ni uvivu. Kati ya hao wote, kapita ndiye aliyeniuma zaidi, kwa sababu alikuwa amekwangua na mimi. Akanitoa kazini mchana kweupe mbele ya wenzangu. Nilikwenda nyumbani nikalia, na sikuwa na mkono wa kupangusa machozi.

Basi, nikiwa hivyo, uasi ukaingia mjini.

Ninyi mliokuwepo mnajua, na sitawarudisha huko. Nitasema tu la kwangu. Mke wangu aliamua tuhamie kwa wazazi wake, upande wa Yahuma. Tukashuka mtoni kutafuta pirogue, mtumbwi wa kutushusha, na pale njiani kulikuwa na barrière, kizuizi cha wapiganaji wa uasi. Mmoja akanielekezea bunduki.

"Tombola maboko!" Inua mikono!

Nikainua. Mikono ilipanda, viganja vikaning'inia. Akadhani namchezea.

"Iko anatucheka, huyu? Nimesema juu!"

Nilijaribu tena. Ilikuwa vilevile. Nikasikia bunduki inakokwa, na nikaanza shahada moyoni. Hapo mke wangu akaweka mzigo chini, akaja mbele yangu, mgongo wake kwenye bunduki. Akanishika viganja kutoka chini, akavisukuma juu kwa viganja vyake.

"Angalia, papa. Hii mikono ilikufa," akamwambia mpiganaji bila kugeuka. "Iko mugonjwa wa rangi ya masuwa. Kama munataka ikae juu, mimi ndiye nitaishika. Muda gani munataka?"

Yule mpiganaji alimtazama. Nadhani hakuwahi kuulizwa swali kama hilo. Akatema mate pembeni, akasema tupite. Ndugu zangu, mimi ninajiita mwanaume, lakini siku ile nilijua mwanaume wa nyumba yetu amevaa kitenge. Mnacheka? Chekeni, ni kweli.

Tuliteremka mto mpaka Yangambi, tukapumzika hapo. Kulikuwa na infirmier, muuguzi, aliyebaki na dispensari yake wakati wengi wamekimbia. Nilimwendea kwa ajili ya homa. Hakuanza na homa. Aliivuta midomo yangu, akaangalia fizi, akakuta mstari wa bluu chini ya meno.

"Tonton, unafanya kazi gani?"

Nikamweleza minium, ubao, vumbi, maziwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hii ni plomb," akasema. "Vumbi inaingia puani, na ile iko kwenye vidole unaikula na mukate. Maziwa haiwezi kitu. Kaa mbali na ile rangi. Mikono inaweza kurudi, lakini polepole, na ukirudia kukwangua kukavu, itakufa tena."

Nikamuuliza sasa tungefanya vipi, maana masuwa lazima yakwanguliwe. Akasema: lowesha bati kwanza, vumbi lisiruke. Osha mikono kabla ya kula. Nguo za kazi zisifike nyumbani. Mambo matatu ya maji na sabuni! Nilikasirika. Tulikuwa tunafanyia kazi ukingoni mwa mto huu, maji mengine yanatulowesha miguu, na tunakufa kwa vumbi.

Kule Yahuma wakwe zangu walinipokea bila maswali. Mwanzoni nilikaa tu na wazee, naona aibu. Halafu asubuhi moja kidole gumba kilisogea. Mke wangu alikuwa anapalilia muhogo. Nilimwita kwa sauti hata jirani akaja mbio na panga akidhani ni nyoka. Msimu uliofuata nilishika jembe. Vibaya, lakini nilishika. Hakuna mganga aliyenigusa, hakuna aliyeniondolea uchawi. Nilikuwa mbali na ile rangi, basi.

Tuliporudi Kisangani, serikali ilikuwa imeuchukua mji. Nilikwenda kwanza kwa mwenzangu wa ubao mmoja, rafiki yangu, tuliyekwangua bega kwa bega miaka yote. Nikamkuta mjane wake. Waasi walihitaji masuwa, wakamshurutisha aendelee kukwangua muda wote wa vita. Alipata degedege, mtu mzima, akaanguka hapo hapo chini ya meli. Mjane aliniambia kapita alipeleka maziwa nyumbani wakati wa matanga. Maziwa! Nilitoka nje kwa sababu sikutaka mama yule aone uso wangu.

Chantier ikafunguliwa tena. Kapita yuleyule alikuja kwangu, akaona vidole vinafunga, akafurahi, akasema: warudi wote wenye uzoefu, haraka, kuna masuwa ya kupeleka chakula. Niliwazungukia wenzangu mmoja mmoja, nikawaeleza neno la infirmier. Wengine waliniamini. Wengine waliogopa, na walikuwa na sababu. Siku zile ukikataa kazi unaitwa muasi, na askari walikuwa getini.

Asubuhi pipa likaletwa. Kapita akachota, akanipa mimi wa kwanza. Nikakiweka kikombe chini.

"Leo hatutakunywa."

"Unakataa maziwa? Unataka nini, bière?"

Watu wakacheka. Mimi nikasema: "Tunataka maji. Tulowanishe bati mbele ya kukwangula. Na sabuni ya kunawa."

"Na maji kazi itachelewa."

"Ichelewe."

"Wewe, hii mambo ya kugoma uliitoa kwa waasi!"

"Hapana, kapita. Niliitoa kwa ule mulizika. Unamujua. Ulimupelekea maziwa."

Niliogopa, nisidanganye. Halafu nikasikia kikombe kingine kinawekwa chini nyuma yangu, na kingine. Tukakaa kwenye kivuli cha meli. Askari wa getini akaja na bunduki kuuliza kuna nini. Kapita akasema hawa wanagoma. Askari akatuuliza tunataka nini, nikamwambia maji. Akageuza kichwa akatazama mto, akatutazama, akamtazama kapita.

"Pesa bango mai," akasema. Wape maji. Akarudi getini.

Kapita hakutupa, kiburi kilimkamata. Tulikaa. Jua likapanda, maziwa yakaganda ndani ya pipa, nzi wakayajaa. Hakuna bati lililokwanguliwa. Alasiri mkurugenzi akaja mwenyewe, akafoka, akaiona meli yake iko vilevile. Kabla jua halijashuka kapita alituletea ndoo. Nilizamisha ya kwanza mtoni mimi.

Tulipata maji, tulipata sabuni, na nguo za kazi zikabaki kazini. Barakoa tuliahidiwa, tunazingoja mpaka leo. Vidole vyangu viwili havikurudi sawa. Lakini mimi nafanya kazi, na ninafunga vifungo vyangu mwenyewe.

Namshukuru mke wangu, na sitaongeza neno kwa sababu ataniambia nimezidisha. Nawashukuru wakwe zangu kwa muhogo na kwa kutoniuliza. Yule infirmier, popote alipo, Mungu amtunze. Na ninyi mlioweka vikombe chini nyuma yangu, wengine mko humu: bila ninyi ningekuwa mtu mmoja mwenye kelele.

Funzo langu ni hili. Mkipewa kitu cha bure kazini, ulizeni ni cha kunyamazisha nini. Na msikubali kuambiwa kwamba kuumwa ni uvivu, hata anayesema hivyo akiwa ndugu yenu.

Humu kuna watu wapya waliochukuliwa kwenye chantier wiki hii, nimewaona mmekaa karibu na mlango. Kesho mtaambiwa fanyeni haraka, meli inasubiri. Meli haijawahi kufa kwa kusubiri. Mtanikuta getini mapema kuliko kapita, na asiyeshika ndoo ya maji, hapo kwangu hapiti.