Zamu ya Leo Ilikuwa ya Nani

Kile kibao cha kukalia karibu na stesheni kuukuu ya Voi, pale birika la kahawa linapotua saa kumi na moja jioni, ndicho kituo cha washonaji watatu wa magunia ya mkonge. Tangu karakana yao ihamishwe kutoka mjini hadi njia ya Kasigau, nauli ilimeza nusu ya mshahara, wakabuni ujanja: kila siku aende mmoja, ashone kwa niaba ya wote, atie sahihi tatu. Tajiri alikaa Mombasa. Mlinzi alimtumia picha ya daftari la mahudhurio tu, katika kundi la simu walimo wote.

Mbinya alifika wa mwisho. Akamkuta Sifuna, waliyembandika jina la Profesa, na mzee Nzau, aliyeitwa Reli kwa kuwa alistaafu kazi ya reli, wote wakinywa kahawa kwa raha zao.

— Profesa, si leo ni zamu yako?

— Nilibadilishana na Reli.

— Na mimi nikakutumia ujumbe uende wewe, Mbinya. Kwani hukuuona?

Hakuuona; basi leo hakuna aliyekwenda. Akafungua simu. Picha ya daftari ilikuwa imeingia kama kawaida: sahihi tatu, yake ikiwa na kile kimkia anachokivuta chini. Magunia arobaini.

Profesa alisema ni picha ya zamani, lakini tarehe ilikuwa ya leo. Akadai basi tajiri amenunua mashine inayoiga watu. Reli akatikisa kichwa. Pale karakana ilipo sasa, alisema, palikuwa na kambi ya vibarua wa reli, na kuna waliozoea kazi hadi kifo hakikuwaachisha.

— Mzee Reli, hayo wacha, tafadhali, Mbinya akasema. Aliogopa, wala hakuficha.

Mara lori la mawe likasimama, akashuka Kituku, mlinzi wa karakana. Alipowaona, akabaki kaduwaa.

— Asubuhi nilikuta daftari lishasainiwa, cherehani inalia ndani. Nikajua ni mmoja wenu. Jioni nikagonga, hajibu, anashona tu. Lori lilikuwa linaondoka, nikafunga nikaja. Sasa nyote mko hapa. Nimemfungia nani?

Profesa akatazama kikombe chake. Reli akavua kofia. Kesho ilikuwa zamu ya Mbinya, hilo halikuwa na ubishi, na kibarua hicho ndicho kilichowalisha yeye na mama yake. Akanyoosha mkono, akapokea ufunguo wa karakana kutoka kwa Kituku.