Mkutano wa Maji Kupwa

YAH: UTEUZI WA RANGI YA FULANA ZA WADAU WA MIKOKO. Ndicho kichwa cha barua ya mradi wa kuhifadhi mikoko uliyonisomea, Saadi, mama yako nimelala hapa Mtawanya naingoja siku yangu, nami nikakwambia chagueni kijani, maana wakubwa wakishaua kitu hukivalia rangi yake. Sasa iweke chini, mwite mdogo wako Rukaiya aketi, mnisikilize wanangu, pumzi hii ni ya kuazima.

Nyumba na mikorosho mtagawana kama sheria ya Mungu ilivyopanga, na atakayevuka shina la mwenziwe atamjibu Mola. Lakini theluthi yangu naiusia: shamba la bondeni ni la darasa la Kiongoroni, kule deltani kwenye mikoko, darasa nililofundisha ujana wangu wote, nikipiga kengele maji yakijaa, si saa ikigonga, kwa kuwa maji yakipwa vijito hugeuka tope na mtumbwi haupiti, na hilo mtoto wa kule hulijua kabla hajajua kufunga kikoi. Wakubwa wa mradi hawalijui. Wamesoma mpaka ng'ambo, wakarudi kuwafundisha watu wa Kiongoroni kuupenda mkoko, sawa na kumfundisha kambare kuoga. Kisha wakaitisha mkutano Kibiti asubuhi, maji yamekupwa, wakangoja kwa adabu, wakaandika kwamba wananchi hawakufika, hivyo wameridhia msitu ufungwe. Ukifungwa, wakata boriti wale watakula nini, fulana?

Twalha, bwana mkubwa wao, akanambia usoni, "Mwalimu Sijaona, asiyekuwepo na lake halipo."

Nikamjibu, "Methali hiyo, baba, ni ya wavivu, si ya watu mliowafungia mlango."

Akacheka, akaniomba tupige picha.

Na wewe Saadi, uliyezaliwa huku juu, mkoko unaujua kwa picha ya kalenda, umekubali kwenda mkutano wa pili uwe mwakilishi wa Kiongoroni, eti kwa sababu mama yako alifundisha kule. Nani kakutuma? Niliwafundisha kusoma ramani na sheria ili wajisemee, sikuwafundisha ili niwazalie msemaji. Kusimama na mtu si kusimama mbele yake, mwanangu. Ukimziba, u ukuta kama kuta nyingine. Warda yupo, mwanafunzi wangu, amekata boriti tangu usichana wake, na sheria ya misitu anaifafanua kunizidi. Nenda Kibiti, ukatae kile kiti, useme mkutano uende kwao, maji yakijaa. Wakikuchukia, chukiwa. Rukaiya mama, msimamie, kaka yako anapenda viti.

Nizikeni upesi... msingoje wageni rasmi. Hotuba kaburini sitaki. Twalha akija, mpeni maji ya kunywa... basi. Mungu awape haya usoni, na ulimi usiomsemea mtu aliye hai. Nimewaridhia... nyote wawili. Niegemezeni. Nitamkieni shahada... polepole, niwafuate.

Bi Sijaona alizikwa alasiri ile ile. Saadi alikwenda Kibiti, akasema yeye si mtu wa Kiongoroni na hana la kuwasemea, mkutano uende kwao maji yakijaa, akatoka. Mkutano ulihamishiwa Kiongoroni, ukafanyika maji yamejaa. Warda alizungumza. Msitu haukufungwa mwaka huo.