Bi Mwanatumu, Aliyekifungua Kisima cha Mtangani na Kukifunga

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ninyi mliokuja kwa miguu, na ninyi mliokuja kwa boti kutoka visiwa vya Koyama na Ngumi, sisi wa nyumba ya marehemu tunawaomba mtusikilize, kwa kuwa tangu azikwe juzi yamesemwa mengi juu yake, na wengi waliosema hawakuwahi hata kuja kumjulia hali.

Bi Mwanatumu binti Hussni alizaliwa tarehe 4 Julai 1951 kisiwani Chovae, na mama yake, Bi Khamisa, alitoka katika nyumba inayofungua visima. Kwa mgeni asiyejua, kwetu kisima kipya hakinywewi mpaka mwanamke wa nyumba hiyo ayaonje maji mbele ya watu na kusema neno, na kisima kilichofunguliwa kwa ulimi hakifungwi ila kwa ulimi uleule.

Alisoma chuoni, akahitimu Kurani mwaka 1962, na shule ya serikali hakuiona, jambo ambalo Bwana Shuaibu, mwenyekiti wa kamati ya maji, hupenda kulitaja, yeye ambaye amesoma mpaka kidato cha nne na bado karatasi ya ukurasa mmoja imemshinda kuielewa.

Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka ya ukindu, na wengi wenu mmeikalia sasa hivi. Tarehe 17 Novemba 1970 aliolewa na Jaafar bin Fuad, fundi wa kuziba nyufa za vyombo vya baharini, wakajaaliwa watoto watatu, Tariq, Layla na Faisal. Vita vya mwaka 1991 viliwatupa Mombasa, kambini, ambako Mzee Jaafar alifariki mwaka 1997, na mwaka 2011 marehemu alirudi na wanawe, wakakaa hapa Mtangani, pwani ya kusini mwa Kismayo, kwa sababu alisema amechoka kupangiwa foleni ya maji na watu wasiomwamkia.

Tarehe 16 Machi 2013 wafadhili walimaliza kuchimba kisima kirefu chenye pampu, na kamati ikamwita akionje. Alivaa kanga mpya, akanywa, akafumba macho, akasema maji ni matamu, kunyweni, na watu wakanywa, kwa sababu tangu mababu sisi tunajua aina mbili tu za maji, matamu na ya chumvi, na yaliyo matamu ni salama. Hapo ndipo tulipokosea sote, maana chini ya ardhi yetu kuna mawe yenye sumu iitwayo aseniki, haikutiwa na adui wala mchawi, haina rangi, haina harufu, na ulimi hauioni.

Mwaka 2019 viganja vyake vilianza kuwa vigumu kama magamba ya papa, na madoa meusi yakamtoka kifuani. Bwana Shuaibu alisema ni ukindu, kana kwamba ukindu umeanza kusukwa juzi. Walipotokea wengine watano wenye viganja kama hivyo, na hakuna aliyejua kusuka hata kawa, alisema ni ugonjwa wa kuambukiza, na watu wakaacha kumpa marehemu mkono.

Mwezi wa Agosti 2022 wapimaji walichukua maji, na majibu yakaja kwenye karatasi ile ya ukurasa mmoja, kwamba maji yasinywewe. Bwana Shuaibu aliyakunja na kuyatia mfukoni, akatangaza kwamba kisima kina kasoro ndogo, kwa sababu kikifungwa wafadhili hawatarudi na kamati haitakuwa na kazi, na mwezi uleule fundi alionekana uani kwake akijenga birika la kukinga maji ya mvua. Tunampongeza kwa birika hilo, ni zuri, lina mfuniko na kufuli.

Wanawake waliendelea kuchota, na walipoonywa na wapimaji walijibu kwamba Bi Mwanatumu alikionja. Neno hilo ndilo lililomnyima usingizi kuliko saratani ya kibofu aliyoambiwa anayo mwaka jana hospitalini Kismayo. Alisema kwa lafudhi ya kwao Chovae, mimi ni mchu mzima, siwezi kwenda kaburini na watoto wa watu bado wananywa neno langu.

Ijumaa moja baada ya sala, wanawe walimbeba kwa kitanda mpaka kisimani. Bwana Shuaibu alisimama mlangoni pa uzio wa kisima, akamwambia, "Mama, homa imekupanda, rudi ukalale, wewe mwenyewe ulisema maji matamu." Marehemu akamjibu, "Matamu, mwanangu. Na ulimi wako nao mtamu, tumeona ulikotufikisha. Nipishe." Akaletewa maji, akayatia kinywani, akayatema juu ya saruji mbele ya viatu vya Bwana Shuaibu, akasema kimefungwa.

Tangu siku hiyo mwenyekiti anatangaza kwamba neno la mgonjwa halina uzito. Sisi tuliokuwa naye tunashuhudia kwamba jioni ile aliswali, aliwaita wajukuu wake wote kwa majina bila kukosea, na alimkumbusha Tariq sufuria aliyoiazima kwa jirani, kwa hiyo akili yake ilikuwa timamu kuliko ya kamati nzima. Alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 2025, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliosema kweli hata pale dawa zilipokwisha, tunamshukuru jirani yetu Zaituni aliyemshika mkono wakati wengine walificha mikono yao, tunawashukuru wasukaji wenzake waliomalizia mkeka wake wa mwisho, na watu wa Chovae walioleta madumu ya maji ya mvua, ndiyo yaliyomwosha na ndiyo mnayokunywa leo.

Tunamshukuru pia Bwana Shuaibu kwa kufika. Yeye peke yake tumemwekea gilasi ya maji ya kisima chake, na tumemwambia kwa adabu yametoka wapi, na iko mbele yake tangu alipoketi. Mstari huu tumeuandika jana, kabla hajaja, nasi tulijua kwamba tukifika hapa gilasi itakuwa imejaa vilevile.

Lala kwa utulivu, Bibi yetu. Ulimi wako hauna deni, kisima kimefungwa, na Mola akunyweshe maji yasiyo na shaka.