Peigi Inasubiri Mikokoteni

Hapa gatini Kilvarran kuna benchi moja lililoegemea ukuta wa kibanda changu cha chai, kwa hiyo kila upuuzi unaosemwa pale unaingia dirishani kwangu kabla haujafika kwingine. Wenye benchi ni watatu. Askofu jina lake ni Torquil, na uaskofu wake ni kwamba alifukuzwa kwaya ya kanisa kwa kuimba polepole mpaka mchungaji akasinzia. Baromita alikuwa mtega kaa, sasa kazi yake ni kutabiri hali ya hewa na kukosea. Wa tatu ni Staa, fundi viatu, aliyepata jina hilo mwaka ule watu wa sinema walipokuja kutoka London kupiga filamu ya kuchekesha juu ya meli ndogo ya makaa, na mgongo wake ukaonekana. Meli waliyoitumia ilikuwa Peigi, ya Nahodha Eachann. Siku ninayoisimulia, Peigi ilikuwa mbele ya macho yetu, imepwelewa mchangani, tumbo limejaa makaa. Maji ya jioni ile ndiyo yalikuwa makubwa ya mwisho mwaka ule. Ikipakuliwa kabla hayajaingia, ingeelea. Isipopakuliwa, bahari ingezidi kuikimbia kila siku, na wenye meli kule Glasgow walikwisha kusema wataiuza chuma chakavu palepale ilipolala. Nahodha hana nyumba nyingine, analala humohumo. Na jioni hiyohiyo filamu ile ilikuwa inaonyeshwa ukumbini, nasi sote tulikuwa tumeshapiga pasi nguo.

Mvua ilikuwa ya manyunyu, ile isiyokata wala kunyesha. Nikawamiminia chai, wakaanza.

Staa: Mimi nawaambia mzee alilewa. Mtu na akili zake hapandishi meli juu vile.

Baromita: Eachann hajagusa kileo tangu mkewe afariki. Tatizo ni mwezi. Mwezi wa safari hii umekaa upande.

Askofu: Umekaa upande mwezi au umekaa upande wewe? Juzi ulituambia jua, nguo za mke wangu mpaka leo zinachuruzika.

Baromita: Nilisema jua. Sikusema la wapi.

Staa: Haya, si pombe. Basi macho. Hakuona anakokwenda.

Askofu: Acha hizo. Anaipandisha meli ufukwe ule tangu sijaota ndevu. Anaweza kuipandisha usingizini.

Staa: Sasa si ndo nakwambia, alikuwa usingizini.

Nikashindwa kuvumilia, nikatoa kichwa dirishani.

— Aliipandisha palepale pa kila mwaka, kando ya jiwe jeusi, — nikasema. — Nilimwona. Akapiga honi, akateremsha ubao, akakaa kusubiri.

Wote watatu wakanywa chai kwa pamoja.

Staa: Ishbel naye. Hatubishani alipandisha wapi. Tunauliza kwa nini hayatupi makaa baharini. Sepetu anayo. Ayatupe, meli iwe nyepesi, aende zake.

Baromita: Aliambiwa. Akasema makaa si yake ya kutupa, ni ya Kilvarran.

Staa: Mmesikia? Hayo ni maneno ya kwenye filamu. Yule mwigizaji mwenye kitambi si aliyasema hivyohivyo, kofia mkononi? Mzee filamu imempanda kichwani. Pale alipo anangoja kamera.

Askofu: Kamera gani. Wale wa Glasgow ndio waliompanga. Eti kaichomeke mchangani, nasi tuchukue bima. Mtu mzima wanamfanya chambo.

Baromita: Nyie hamuangalii bahari. Kule nje jeshi limeleta nyambizi. Nyambizi inakunywa maji ndipo izame. Zikiwa nyingi zikanywa kwa mpigo, ghuba yetu hii itajazwa na nini?

Askofu: Kitu kikizama ndani ya beseni, maji si yanapanda?

Baromita: Inategemea beseni.

Staa: Sikilizeni, mimi nina habari kamili. Wale jamaa wa London wanarudi kupiga sehemu ya pili. Eachann kaletewa simu ya maandishi, kaambiwa asisogee. Mnadhani kwa nini filamu inakuja leo, leo hii, wakati meli iko mchangani? Bahati tu?

Askofu: Na wewe wanakuja kukupiga upande wa mbele?

Staa: Cheka. Huu mgongo umefika mpaka Kanada.

Hapo hakuna aliyembishia, kwa sababu sote tulikuwemo. Mwisho wa filamu ile Peigi imekwama mchangani, honi inalia, na kijiji kizima kinateremka na mikokoteni, vikongwe na vikapu vyao, mchungaji kakunja suruali. Tulipakua makaa yale, tukayarudisha, tukayapakua tena, kwa kuwa bwana mkubwa wa kamera alikuwa anasema tumenuna mno. Tukajifunza kuchangamka. Jioni wakatupa supu ya kondoo, na nilicheka siku ile kuliko nilivyocheka harusini kwangu.

Wakati Staa anasimulia mgongo wake kwa mara nyingine, akaja mgeni, Bwana Imrie, dereva wa gari la sinema, katoka kushuka kwenye kivuko. Akaomba chai, akasogezewa nafasi. Kisha akaiona Peigi.

Imrie: Hebu ngojeni. Ile si meli ya kwenye filamu?

Staa: Ndiyo yenyewe. Na mimi mwenyewe humo nimo.

Imrie: Nimeionyesha visiwa vyote hivi. Watu wanacheka mpaka viti vinavunjika. Mimi kipande ninachokipenda ni kile cha mikokoteni. Kila nikikiona nasema, wako wapi watu kama hawa siku hizi.

Askofu akakohoa. Baromita akatazama mawingu.

Imrie: Basi mbona bado imejaa? Mikokoteni yenyewe iko wapi?

Staa: Wangu mke wangu kaupandia maua.

Askofu: Mimi farasi nilimuuza mwaka jana. Hakuwa na kazi.

Baromita: Siku hizi, bwana, kivuko kinavusha lori. Makaa yanakuja kwenye magunia mpaka mlangoni, hujachafua hata kiatu.

Imrie akatupa jicho dirishani. Birika langu lilikuwa juu ya jiko la gesi, linang'aa.

Imrie: Kumbe haya ya kwake hamyahitaji.

Askofu: Siyo kwamba hatuyahitaji.

Imrie: Na nani alimwambia asiyalete?

Aliuliza hivihivi tu, kijiko kikiwa kikombeni. Hakujua kwamba huku kwetu mtu hakatazwi usoni. Ukiletewa samaki usiyemtaka unashukuru, ukialikwa usikotaka kwenda unasema inshallah ya kwetu, yaani kesho. Kila mwaka maji yakiwa makubwa Nahodha huleta makaa ya kijiji, huipandisha meli ufukweni, nasi maji yakitoka hushuka na mikokoteni kuyapakua. Hayaagizwi, na hakuna aliyewahi kuyakataa. Mwezi wa nane alipita hapa, akasimama mbele ya benchi hilihili, akauliza, "Kama kawaida?" Tukajibu sote, "Kama kawaida, Nahodha." Tulidhani mchungaji atamweleza. Mchungaji alidhani mwenye duka. Mwenye duka alidhani mimi, maana chai anakunywa kwangu. Honi ilipolia kila mtu alikaa ndani akisikiliza mikokoteni ya wenzake.

Imrie: Labda aliambiwa akasahau?

Askofu akajikuna shingo. Nilitamani nyambizi zirudi, tuzungumzie nyambizi.

Badala yake akaja Nahodha mwenyewe, anapanda polepole kutoka ufukweni, buti zina mchanga mpaka magotini, mkononi kopo lake la chai. Amekonda. Akatusalimia mmoja mmoja, na mgeni pia akampa mkono.

Staa: Nahodha, huyu bwana ndiye kaleta filamu yetu. Saa moja jioni, ukumbini. Tumekuwekea kiti cha mbele.

Eachann: Ahsanteni sana. Ni filamu nzuri ile. Inaisha vizuri.

Akageuka akatazama ghuba. Maji yalikuwa mbali, Peigi imesimama kavu, kamba zimelegea.

Eachann: Maji yametoka vizuri leo. Mchanga ni mgumu, gurudumu halizami.

Huko ndiko kuomba kwa Eachann. Hakuwahi kuomba zaidi ya hapo maisha yake yote, na sote tulimsikia. Watu wenye mabega bado walikuwepo kijijini. Vikapu vilikuwepo. Moyo wangu ulikuwa unaniambia tupa aproni, Ishbel, toka nje. Nilishika birika.

Baromita: Leo ndo hivyo, Nahodha, kuna sinema.

Eachann: Ni kweli. Sinema.

Askofu: Lakini kesho.

Staa: Kesho asubuhi na mapema, Nahodha. Wote.

Eachann: Kesho pia ni vizuri.

Alisema kwa upole, akaniletea kopo. Nikalijaza mpaka juu, nikakamua birika mpaka majani yakatoka. Akanishukuru, akauliza hali ya dada yangu, akaondoka kwa mwendo wa mtu anayeogopa kumwaga. Tulimtazama akivuka mchanga, akipanda ubao, akiingia ndani. Kwenye bomba la Peigi ukatoka moshi kidogo wa jiko lake.

Imrie aliweka kikombe chini.

Imrie: Samahani, mimi mtu wa bara, bahari siijui. Hayo maji ya kesho yatamfikia?

Askofu na Staa wakamgeukia Baromita, kwa sababu hilo ni swali lake, na tangu nimjue hajawahi kuulizwa habari ya mbingu au bahari akakosa jibu. Baromita alitazama ndani ya kikombe chake. Kisha akakinyoosha dirishani nimwongeze, nikamwonyesha birika. Chai ilikuwa imekwisha.