Fundi Makochi na Safari za Ugenini

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Makochi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne wa mchomeleaji wa karakana ya reli. Nyumba yao ilipakana na uwanja wa mpira, na mama yake alipenda kusema kwamba huyu mtoto alisikia goli kabla hajasikia jina lake.

Shule aliianza mwaka 1958 akaishia darasa la saba. Hesabu zilimtoa jasho, ila msimamo wa ligi alikuwa nao kichwani mpaka timu ya mkiani.

Mwaka 1966 alianza kujifunza kushona makochi kwa mjomba wake, na baadaye akafungua karakana yake mlango wa pili kutoka kwa kinyozi. Hapo mashabiki wa timu yetu walikutana kila jioni, wakijimwaga kwenye makochi ya watu. Mteja mmoja alikuja kuchukua kochi lake akamkuta kinyozi kalala juu yake, mdomo wazi. Aliambiwa kwa upole kwamba linajaribiwa. Fundi alikuwa akipanga vifungo juu ya mto, kila kifungo mchezaji, akieleza kwa nini timu nyumbani inanguruma na ugenini inanyata.

Mwaka 1975 mpishi wa shule alileta kiti chake kishonwe. Aliviangalia vile vifungo, akauliza, "Sasa hawa wote wakirudi nyuma, nani atafunga?" Fundi alisogeza kifungo kimoja mbele. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba mwaka huohuo. Tangu hapo Fundi hakuyumba: ugenini timu ianze na washambuliaji wawili. Wazo alilitoa wapi, hakuwaambia wenzake, na mkewe hakudai.

Tatizo ni kwamba kila aliposafiri na timu, ilifungwa. Mwishowe kinyozi, ambaye ndiye mwenyekiti wa tawi la mashabiki, alimshika bega. "Fundi, tunakupenda, lakini una mkosi. Wewe baki." Akabaki, miaka nenda miaka rudi. Mbele za watu alilifanyia utani jambo hilo. Lakini siku za ugenini alijifungia karakanani na redio yake, na chai aliyopelekewa ilirudi imepoa. Mkewe alimwambia mara nyingi asijali. "Si mimi," alimjibu. "Ni mshambuliaji mmoja."

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, akapewa dawa zilizompeleka chooni kila mara. Kinyozi alipokuja kumnyoa kitandani, Fundi aliomba kitu kimoja tu, safari ya ugenini, asije akazikwa na jina la mkosi. Kinyozi alimaliza kidevu, akafuta wembe, akasema, "Basi tukafungwe wote."

Tarehe 12 Mei 2024 walimpakia kwenye basi, yeye na mto wa kochi wa kukalia. Hadi mapumziko timu ilikuwa nyuma kwa bao moja. Kipindi cha pili kocha akaingiza mshambuliaji wa pili, na goli la kusawazisha likapatikana. Wakati huo Fundi alikuwa chooni.

Kurudi, ndani ya basi hapakukalika. Kinyozi alisema ushahidi si ndio huo, katoka tu, goli limeingia. Fundi alishikilia kwamba alikuwa ameshafika mlangoni, mguu mmoja uwanjani, na kilichofunga ni mfumo. Walibishana hadi nyumbani, na waliokuwemo wanasema hawakuwahi kumwona akicheka vile. Aliagiza mguu ule uandikwe kwenye wasifu wake. Umeandikwa.

Alifariki nyumbani kwake Alhamisi, tarehe 20 Juni 2024, alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na kochi moja la kijani lisilokamilika, ambalo mteja mwenye nalo, aliyepo hapa, ameomba aachiwe lilivyo.

Jana, akimnyoa kwa mara ya mwisho, kinyozi alisema kwa sauti ambayo chumba kizima kiliisikia: "Mguu ulikuwa ndani, Fundi."

Safari hii hakuna aliyemzuia. Apumzike kwa amani.