Viti vya Darasa la Marudio

Siku niliporipoti kazini katika shule hii, kitu cha kwanza nilichosikia kutoka Kidato cha Nne ni viti vikiburutwa. Haikuwa fujo ya wanafunzi wanaowahi kutoka. Viti viliburutwa vyote kwa pamoja, sakafu ikalia, kisha pakawa kimya, na ndani ya kimya kile sauti ya mwanamke ikauliza: "Limeshatokea, au bado?" Mlio ule wa viti haujanitoka mpaka leo.

Mwanamke huyo ni Mwalimu Demetria Kokushubira, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na minne ya ualimu, ishirini na miwili kati yake hapa kwetu Boko. Alizaliwa Bukoba. Kazi aliianzia Manzese, akifundisha Kiingereza katika darasa lililopakana na karakana ya kuchomelea vyuma, na ndiyo sababu, kwa maneno yake mwenyewe, hajui kufundisha kwa sauti ndogo. Alipohamia hapa alipewa vipindi vya kawaida. Darasa la marudio alilitafuta mwenyewe.

Hili ni darasa la jioni la watahiniwa walioanguka Kiingereza katika mitihani ya majaribio. Wengi wao huangukia mahali pamoja, pale mtahiniwa anapotakiwa kuiandika sentensi upya bila kuibadilisha maana. Tangu tujue kwamba Madam anaondoka, ofisini tumekuwa na swali moja tu zito: nani atalichukua, au lifutwe? Watahiniwa wa mwaka huu wanalijua swali hilo. Wanatupita uwanjani, wanatuamkia, na macho yao yanauliza.

Ugumu ni kwamba Madam hafundishi kama sisi wengine. Katika shule yenye bango la kuamuru Kiingereza kila ukutani, yeye kila sentensi yenye sharti huitaka kwanza kwa Kiswahili. Kisha mwanafunzi huvuta kiti. Jambo linaloweza kutokea bado, kama mvua ikinyesha, hukaa upande wa dirishani. Jambo la kuwaza tu, kama ningekuwa mkuu wa shule, hukaa katikati. Lililopita na lisilorekebishika tena, ningalijua, hukaa mlangoni. Mtu akishakaa, ndipo anaruhusiwa kushika kalamu.

Mwalimu Kondo wa Hisabati, ambaye darasa lake liko upande wa pili wa ukuta, alichungulia siku moja akauliza, "Madam, unafundisha au unahama nyumba?"

"Nahama, mdogo wangu. Njoo unibebee kabati."

Mwalimu Isack wa taaluma hakuwa na utani. Alimwambia mbele yetu sote, "Dada, kanuni ipo. Wakariri, yaishe."

"Kukariri wamekariri tangu Kidato cha Pili, Isack. Ingekuwa dawa, saa hizi ningekuwa nyumbani napika."

Vitenzi vinavyogeuka kuwa majina ya matendo, vile ambavyo Kiswahili huvianza kwa ku-, alivifundisha kwa habari za nyumbani. Kila mmoja alitaja anachopenda kufanya na alichoacha kufanya. Suhaib, kijana wa Wazo, alitaka kuandika kwamba baba yake ameacha kuvuta sigara. Kwa Kiingereza chake ikatoka kwamba baba amesimama ili avute. Madam akamuuliza, "Sasa mzee ameacha, au amepumzika kidogo?" Suhaib akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Madam, ukweli ni kwamba anaacha Jumatatu mpaka Alhamisi." Darasa zima lilicheka, na sentensi ile hakuna aliyeikosea tena.

Lakini siku ninayotaka ibaki katika kumbukumbu za shule si hiyo. Ilikuwa mwaka jana, nami nilikuwa nimeomba kukaa nyuma ili nijifunze. Sentensi ilisema: mama hakuwepo nyumbani, kwa hiyo sikula. Ilitakiwa ianze kwa sharti. Munira, aliyemzika mama yake muda si mrefu, alivuta kiti mpaka mlangoni, akakaa, na hakuandika neno. Wenzake walihamia sentensi iliyofuata. Yeye alibaki.

"Mie sitoki huku, madam."

Mwalimu Demetria hakumwamuru wala hakumbembeleza. Alivuta kiti chake, akakiweka kando ya Munira, akakaa.

"Haya. Na mie nina yangu huku." Akaisema polepole: "Tungaliwahi hospitali, Valerian angaliwaona wajukuu."

Valerian alikuwa mume wake. Tangu amzike, shuleni hakuna aliyewahi kumsikia akilitaja jina hilo.

"Huku kunaruhusiwa kukaa, mwanangu," akasema. "Tunakaa, tunaandika, halafu tunainuka, maana kuna swali la pili."

Munira aliandika. Alipoinuka, wasichana wawili walikinyanyua kiti chake wakakibeba mikononi, kisiburutwe.

Munira alifaulu, kwa alama ya kawaida tu, na Madam hakumtangazia mtu. Si wote hufaulu. Kila mwaka wapo waliokalia pande zote tatu na bado wakaanguka, na hao ndio anaowakumbuka kwa majina. Nimemsikia akiuliza habari zao kwa jamaa zao sokoni, miaka baadaye, kana kwamba matokeo yametoka jana.

Madam Demetria, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi, tunakushukuru. Tunakuombea afya, asubuhi za kahawa ya kwenu zisizokatizwa na kengele, na wajukuu wenye fujo ya kiasi. Uishi vizuri, upumzike bila kutuwaza sana.

Kuhusu darasa la marudio, usiwe na wasiwasi. Uhamisho wangu wa kwenda Manzese, karibu na wazazi wangu, ulikuwa umeshakubaliwa. Nimeomba ufutwe, na umefutwa. Jumanne iliyopita Mwalimu Isack alinipa chumba, nikaingia, na watahiniwa walikuja wote.